Mafuta ya Ubongo wa Mzee Hussen

Kijiwe chetu kipo Mkuza, hapa Kibaha, kwenye benchi la Twalibu muuza kahawa. Kila baada ya alasiri tunakutana: mimi, Twalibu mwenyewe, Sadick fundi pikipiki tunayemwita Injinia, na Mudathir, tuliyempa jina la Dokta kwa sababu aliwahi kulinda duka la dawa. Wa tano alikuwa Mzee Hussen, mpaka miezi miwili iliyopita alipopotea njia akirudi kwake, kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Hospitali wakasema ni Alzaima, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Siku moja Dokta alikuja na habari ya redioni. Kumbe kila chembe ya ubongo imezungukwa na utando mwembamba wenye mafuta, na kwa wenye Alzaima mafuta yale hubadilika, chembe zikashindwa kupelekeana habari vizuri.

— Hiyo ni oili imechoka tu, Injinia akasema. Unamwaga, unatia mpya.

— Unaitilia wapi, sikioni? Dokta akamwuliza.

Injinia akasema hayo tuwaachie wataalamu. Twalibu akayalaumu mafuta ya dukani; kwake yeye, mwezi mmoja wa tui la nazi za Kisarawe ungetosha. Dokta akamzidi: mgonjwa apakwe nazi utosini, kisha alale miguu juu, mafuta yateremke yenyewe. Tukacheka mpaka Injinia akajimwagia kahawa.

Bado tunacheka, Siwema, binti wa Mzee Hussen, akasimama mbele yetu na kikapu chake. Akatuamkia, tukaitika marahaba.

— Baba anauliza siku hizi mnakaa wapi, akasema. Nimjibu nini?

Dokta aliangalia ndani ya kikombe. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaogopa kwenda kumwona. Asipotutambua, tungemwambia nini? Hata sisi kwa sisi hatukuwahi kulisema hilo.

Twalibu akalitoa birika kwenye mkaa, akalibeba, tukamfuata Siwema.

Mzee tulimkuta barazani, kwenye mkeka. Hakumtaja mtu kwa jina. Alimtazama Dokta kwa muda, akamwuliza yeye ni mtoto wa nani, na Dokta, na mvi zake zote, akajibu kwa adabu. Tukakaa. Mzee akapewa kikombe, akaonja, akamgeukia Twalibu.

— Leo hukutia tangawizi.

Sisi tulikuwa tumeinywa kahawa ile tangu tulipokutana, hakuna aliyegundua. Twalibu akafunua birika, akanusa, akaanza kucheka taratibu. Alikuwa amesahau.