Kituo cha Njoo Kesho

"Nishushe Njoo Kesho," bibi mmoja alimwambia kondakta.

Kijana wa tai aliyekaa naye akacheka. "Bibi, siku hizi panaitwa Mnara wa Benki. Mimi nafanya kazi pale."

"Kabla ya mnara palikuwa na marehemu mume wangu, mjukuu wangu. Fundi cherehani. Ukifuata suruali, anakwambia njoo kesho. Ukirudi, njoo kesho. Ndipo watu wakakipa kituo jina."

"Jina la kumcheka, basi."

"Walimcheka, na nguo wakazidi kuleta. Mnara wako nani kautania?"

Binti aliyekaa nyuma yao, shahada yake mpya ikiwa kwenye bahasha, alikumbuka sare yake ya kwanza ya shule. Mama yake aliifuata pale mara nne. Ilimkaa vizuri sana.

"Lakini bibi, mji lazima ukue," kijana akasema.

"Na ukue. Hata wewe umekua, mama yako hakukubadilisha jina."

Basi likasimama. "Mnara wa Benki, shukeni," kondakta akaita.

Kijana akainuka, akampisha. Bibi hakusogea. "Kituo changu bado hakijaitwa."

Kondakta akamtazama dereva. Mlango ulikuwa wazi, na binti akawa anaomba kimoyomoyo kondakta alitaje lile jina.