Bi Mwanarusi, Aliyeuliza Mara ya Pili

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Wazee, shikamooni. Wenzangu, hamjambo? Mkinijibu "hatujambo" upesi upesi, mimi sitawaamini. Ndivyo alivyotufundisha mama tunayemkumbuka leo, Bi Mwanarusi binti Boga wa Mwabungo. Bi Mwanarusi amefariki. Amefariki Ijumaa, akazikwa kwao Mwabungo.

Turudi mwaka wa kwanza wa uhuru. Zahanati mpya imejengwa, ina chumba cha kuzalia, magodoro bado yananukia duka. Lakini wanawake hawaji. Wanazalia nyumbani, na wengine wanafia huko huko. Wakubwa wa serikali wakasema chumba kikikaa kitupu kitageuzwa ghala. Wakamtuma Bi Mwanarusi awaulize watu: zahanati ina kasoro gani?

Akapita nyumba kwa nyumba. "Hodi!" "Karibu." "Zahanati mwaionaje?" "Njema, alhamdulillahi." Nyumba ya pili, njema. Ya tatu, njema, na dafu akapewa. Kumbe wanamshuku! Wanasema huyu katumwa na serikali, anapeleleza mambo ya kodi. Mzee Chirau, jirani yake, alimnong'oneza mkewe, "Mjibu vizuri aende zake." Naye Bi Mwanarusi akawashuku wao. Lo! Kitu chema kinachokimbiwa na watu wote, wema gani huo?

Akarudi nyumbani, akamuuliza bintiye, Biasha. Biasha alikuwa na mimba ya pili. Ile ya kwanza mtoto alifia tumboni, na Biasha mwenyewe nusura amfuate. Yu hai mpaka leo, na haya ni maneno yake:

"Mama aliniuliza, zahanati waionaje? Nikamjibu, njema. Akauliza mara ya pili: basi utakwenda kuzalia huko? Nikamwambia siendi ng'o! Zalio langu watalipeleka wapi?"

Zalio, wasikilizaji, ni lile linalotoka baada ya mtoto. Kwetu huzikwa nyumbani, mtoto akajulikana kuwa ni wa hapo. Kule zahanati likitoka halirudi. Basi watu wakaanza kusema lao: ati linauzwa kwa mumiani, linatiwa kwenye dawa. Kisimani wanasema hayo. Mbele ya mgeni wanasema njema.

Bi Mwanarusi akafunga safari mpaka kwa Bwana Garama, dresa aliyesimamia zahanati. Garama akawaka. "Umetumwa uniharibie kazi! Mazalio twayachoma moto, ndiyo amri tuliyopewa."

Kuchoma! Mama wa watu akashika kichwa. Kisha akauliza taratibu, "Na lako wewe, mwanangu, lilizikwa wapi?"

Hasira zikamshuka Garama. Halafu akasema, "Kinango. Nyuma ya nyumba ya mama."

Hawakubishana tena; Garama akaiacha ile amri ya kuchoma. Tangu siku hiyo kila mzazi alirudishiwa lake ndani ya chungu chenye kifuniko. Lakini Biasha bado hakuamini! Uchungu ulipomshika aling'ang'ania mlango wa nyumba. Mama yake akamwambia, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Twende. Nitakaa pale mlangoni mpaka nikione hicho chungu."

Alivuja damu, Biasha, alivuja sana. Garama na nesi wake wakahangaika naye mpaka damu ikakata. Angekuwa nyumbani tungemzika, yeye mwenyewe anakiri. Mtoto akalia, chungu kikatolewa, Bi Mwanarusi akakipokea kwa mikono miwili. Kilizikwa Mwabungo. Wanawake wakaanza kuja, na chumba kile hakikugeuzwa ghala.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jumapili nilikwenda matangani. Nikamuuliza Iddi, mwanawe mkubwa: mama alitunzwaje hospitalini siku zake za mwisho? Iddi akanijibu, "Vizuri, alhamdulillahi."

Nikamtazama Biasha. Ameinamisha kichwa, anavuta ushungi wake. Nikauliza mara ya pili.

"Aliogeshwa na wanaume," akasema Biasha. "Mama yangu, mtu mzima yule! Akawa anajisitiri kwa mikono. Na mkubwa wa wadi alipokuja kutuuliza, sote tukamwambia njema."

Nilikasirika, wasikilizaji, sitawaficha. Mwanamke aliyewauliza watu wote shida zao, yake imefunikwa na wanawe mwenyewe kwa ajili ya adabu! Adabu gani hiyo?

Kwako Iddi, kwako Biasha, na jamaa wote wa Mwabungo, poleni sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, amlaze mahali pema. Nanyi mnaonisikiliza, tafakarini: kitanda kile kesho atakilalia nani? Mama yako, au wewe?

Kesho asubuhi Biasha anarudi hospitali ile, akaseme mbele ya mkubwa wa wadi. Anaogopa, ameniambia anaogopa. Mimi nitamsindikiza. Nawe msikilizaji uliyeulizwa juzi ukajibu "njema", njoo pia.