Risala ya Watu wa Benchi: Tunaomba Kupita Getini

Mgeni rasmi, pole na safari. Na kama itakupendeza, nawe utupe pole ya kukusubiri, maana tuliambiwa saa nne asubuhi na sasa ni saa tisa kasoro. Mganga mfawidhi, mtendaji wa kata, wazee wetu, ndugu zetu wa Karatu na mliotoka Ngorongoro, tunawasalimu wote.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu karatasi hizi. Risala yetu ilipelekwa ofisini ikapitiwe, kama ilivyo desturi. Ilikwenda ikiwa na kurasa nne, ikarudi ukurasa mmoja. Kila palipokuwa na neno geti, pakaandikwa "mazingira ya kazi". Ile iliyopitiwa tutakukabidhi uiweke kwenye faili. Hii ninayoisoma mimi, Evarista Tluway, katibu wa kikundi, ndiyo ile ya kurasa nne. Tulipiga kura. Wawili walitaka isisomwe, na wamekaa hapo mbele wanatazama chini.

MAKARIBISHO

Karibu sana Karatu. Tulitaka kukuonyesha tunapofanyia kazi, lakini ratiba inasema utapita kwa gari moja kwa moja hadi ukumbini, kwa hiyo tutakueleza kwa mdomo. Ni benchi moja la mbao, nje ya geti la hospitali, upande wa kushoto ukiingia. Mji mzima unatuita watu wa benchi, na tumeshazoea.

HISTORIA YA KIKUNDI

Mgeni rasmi, miaka saba iliyopita mwenyekiti wetu, Mzee Hilary, dereva wa watalii mstaafu, alimpeleka mkewe hospitalini. Akiwa kwenye foleni alimwona mzee mmoja kutoka Nainokanoka, amekaa mbele ya daktari, anaulizwa anaumwa wapi. Yule mzee alikuwa anajibu, tena kwa kirefu, ila kwa Kimaasai. Daktari alikuwa mgeni, katokea pwani. Akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano. Mzee Hilary ni Mwiraqw, lakini Kimaasai alikiokota njiani kwa miaka thelathini ya kupandisha na kushusha wageni kreta. Akainuka akasema, "Daktari, huyu anakupa ushirikiano tangu saa ile, ni wewe tu humpati."

Kesho yake akarudi. Wiki iliyofuata akaja na jirani yake, Modest, fundi seremala, ambaye alichoka kusimama akaranda mbao akatengeneza benchi. Leo tuko ishirini na watatu. Tunakalimani Kimaasai, Kiiraqw na Kidatoga. Kihadzabe tuna mtu mmoja tu, anaishi Mang'ola, na simu yake inapatikana akipenda yeye.

Hapa tunaomba utusikilize vizuri, maana ndipo watu wengi wanapotuelewa vibaya. Wanadhani kazi yetu ni lugha. Si lugha peke yake. Mwanamke wa Kimaasai hawezi kueleza mambo ya uzazi mbele ya mwanaume wa rika la baba yake. Wanaume wote wa rika lile ni baba zake, hata kama hajawahi kuwaona. Hiyo ndiyo wanaita enkanyit, heshima, na mtu haiachi mlangoni kama viatu. Kwa hiyo mgonjwa akifika kwenye benchi, hatumuulizi kwanza anaumwa nini. Tunamuuliza ametoka kwa nani na mumewe ni rika gani, halafu tunaangaliana sisi wenyewe kuona nani anafaa kuinuka. Kuna siku wanaume sita wamekaa pale na hakuna hata mmoja anayefaa, inabidi atumwe mtu sokoni akamwite Mama Nashilu aache kuuza shanga zake.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni kwamba wagonjwa wanaeleweka. Tusikuchoshe na takwimu.

Tumepata pia wageni rasmi. Wewe ni wa tano. Wa kwanza alitupa fulana, zote saizi ya mtu mmoja, na mtu huyo si mmoja wetu. Wa pili alipanda mti pembeni ya geti, tunaumwagilia. Wa tatu alitugawia vyeti. Wa nne alisikiliza tatizo letu mpaka mwisho, akaandika kwenye daftari lake, akasema, "Hilo nimelichukua." Hatujui alilipeleka wapi.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja na inaitwa geti.

Tangu mwezi wa tatu mwaka huu kuna utaratibu mpya. Hakuna anayeingia wodini bila kitambulisho, isipokuwa saa za kuona wagonjwa, na wodi ya wazazi haina saa hizo kabisa. Sisi hatupingi utaratibu. Palikuwa na wizi wa simu, tunajua. Tukaomba vitambulisho. Hospitali wakasema leteni barua ya mtendaji. Mtendaji akasema atatuandikia, ila tuanze na ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii wakasema hili ni la halmashauri. Halmashauri wakatupokea vizuri sana, wakatupa viti, wakasema suala la nani aingie hospitalini ni la hospitali. Tumezunguka hivyo mara nne. Tumeambiwa barua iko mezani. Tumeambiwa barua imeshuka. Tumeambiwa mwenye barua yuko semina Dodoma, na tunamwombea arudi salama.

Mgeni rasmi, watu wazima tumefanywa mpira.

Mwezi wa saba walikuja vijana wanne wa kujitolea kutoka nje ya nchi, wa wiki mbili. Walipewa vitambulisho vya kamba shingoni siku ileile waliyofika, kabla hata hawajanywa chai. Hatuwalaumu, watoto wa watu walikuwa na adabu. Wakaingia wodini. Ndani wakamkuta mama anaongea Kiiraqw. Mmoja wao akatoka mbio mpaka kwenye benchi, akamuuliza Mzee Hilary kwa Kiswahili cha kuungaunga, "Babu, huyu mama anasema nini?" Mzee Hilary akamwambia ulizia hivi, mwambie vile, yule binti akawa anaandika kwenye kiganja chake na kurudi ndani. Alikwenda na kurudi mara tano. Mwenye lugha yuko nje, mwenye kitambulisho yuko ndani, na mgonjwa anasubiri binti amalize kukimbia. Tulicheka siku ile. Tulipofika nyumbani hatukuweza kucheka tena.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo ofisini ilifutwa yote. Ni kosa letu wenyewe.

Mwezi wa nane aliletwa dada mmoja kutoka Ngorongoro, jina lake Resiato, mimba ya kwanza. Ameturuhusu tumtaje. Alipitishwa kwa machela moja kwa moja, hatukuwahi kumsalimia. Tukajaribu kuingia, tukazuiwa. Mlinzi wa geti anaitwa Lekishon. Ni Mmaasai, mtu wa makamo, mpole, na utaratibu hakuutunga yeye. Basi sisi kwa hasira tukajiona wajanja. Tukasema, si huyu hapa ana sare? Si huyu hapa anaongea lugha yenyewe? Mzee Hilary akamwambia, "Lekishon, wewe huhitaji kitambulisho, ingia ukatukalimanie." Nasi wote tukaitikia. Lekishon akasita kidogo, akaingia.

Sisi, mgeni rasmi, ambao kazi yetu ni kujua nani anafaa kuinuka kwenye benchi, siku ile hatukuuliza. Lekishon ni wa rika la baba yake Resiato.

Nesi akauliza, Lekishon akatafsiri. Unatoka damu? Resiato akatazama ukutani akasema hapana. Mtoto anacheza? Akasema ndiyo. Kila swali alijibu kile kitakachomfanya yule baba atoke haraka chumbani. Nesi akaandika kwamba mgonjwa hana tatizo. Alikuwa anatoka damu tangu jana yake, na mtoto alikuwa ameacha kucheza tangu asubuhi. Walipokuja kugundua, mama alipona. Mtoto hakupona.

Mama Nashilu alipomuona wiki moja baadaye, alimuuliza mwanangu, mbona hukusema? Resiato akajibu, "Ningemwambiaje baba yangu maneno hayo?"

Lekishon alikuja kwenye benchi akakaa. Hakuwahi kukaa pale kabla. Alisema, "Niliona anatazama ukutani. Nilijua kwa nini. Nikasema acha nimalize nitoke." Tangu siku hiyo hatuongei naye kwa ukali, na yeye hatuzuii kwa ukali, ila anatuzuia, maana asipofanya hivyo kazi itaota mbawa na ana watoto.

Tumeomba msamaha kwa familia. Tulikwenda boma kwao, tukakaa, tukasema ni sisi. Walitupokea. Hakuna aliyetutukana, na ingekuwa afadhali wangetutukana.

MAOMBI

Ofisini tulishauriwa tuombe mambo mengi ili angalau moja lipatikane. Wenzetu wengine wanaomba pikipiki, wanaomba ofisi, wanaomba posho. Mgeni rasmi, hatuombi posho. Hatuombi benchi jipya. Tafadhali usitupe fulana. Usipande mti mwingine, nafasi imekwisha.

Tunaomba vitambulisho ishirini na vitatu. Picha tumeshapiga, za rangi, ziko kwenye bahasha hii. Wale vijana walipewa vyao kabla ya chai, kwa hiyo tunajua kwamba mashine ipo na inafanya kazi.

NYONGEZA

Sehemu hii imeandikwa kwa kalamu wakati tunakusubiri, utuwie radhi kwa mwandiko.

Tuliagizwa wanachama wote tuwe hapa bila kukosa, kwa ajili ya picha ya pamoja. Ukituhesabu utaona tuko ishirini na wawili tu. Resiato alijiunga na kikundi mwezi uliopita, tulimkubali sote. Tunasema hili wazi ili asije akaandikiwa utoro. Leo saa tatu asubuhi aliletwa mama mjamzito kutoka upande wa Endulen, hajui Kiswahili hata cha salamu, na Resiato akasema hamtoniondoa hapa kwa sababu ya picha.

Yuko nje ya geti mpaka dakika hii. Tumekuwa tukipigiana simu naye. Nesi ametoka mara tatu kuja kumuuliza kupitia kwenye nondo. Mara ya kwanza aliuliza mama anasema nini, na Resiato hakuweza kujibu kwa sababu hakuwa amemsikia. Mara ya pili Resiato alimpa nesi maneno ya kwenda kumwambia mgonjwa. Nesi ni Mhaya. Alikaririshwa maneno yale pale getini kama mtoto wa chekechea, akaondoka akiyarudiarudia. Saa nane na nusu Resiato alipiga tena. Alisema nesi ametoka mara ya tatu, akamwambia kwa masikitiko, "Sasa hivi anajibu hapana kwa kila kitu, na mimi hata usoni hanitazami."

Mgeni rasmi, hotuba yako tunaiheshimu na tutaisikiliza, hata ikiwa ndefu. Vikundi vya ngoma vipo, vimesubiri tangu asubuhi, havitakataa kusubiri kidogo tena. Mganga mfawidhi umekaa naye meza moja. Kutoka ukumbini hapa mpaka getini ni mwendo wa dakika sita kwa miguu, tumepima. Lekishon yuko zamu. Ametuambia mwenyewe kwamba akisikia neno moja tu kutoka kwa mkubwa wake, atafungua.

Nikimaliza kusoma nitakukabidhi karatasi hizi mkononi. Tunakuomba ukishazipokea usirudi kukaa. Twende.

Mungu akubariki wewe na familia yako, aibariki Karatu na Ngorongoro, awape nguvu manesi wetu, na amjalie mama aliyeko ndani apate mtu anayeweza kumwambia ukweli.

Ni sisi,
Kikundi cha Wakalimani wa Kujitolea, Karatu,
watu wa benchi.