Mwalimu Protus Shikanga na Majani ya Mawe, 1941–1996

Marehemu Mwalimu Protus Shikanga alizaliwa Malinya tarehe 14 Machi 1941, kitinda mimba wa mzee Shikanga na mama Phoebe. Alisoma shule ya misheni papa hapa nyumbani, akahitimu ualimu mwaka 1963, kisha akafundisha jiografia Lugari hadi alipougua.

Likizo zake ziliishia machimboni, upande wa Koru, akitafuta mawe yenye alama za majani. Mwaka 1968 alimwoa Pascalia Nekesa, ambaye alidhani huo ni mchezo wa ujana na utapita. Haukupita. Mwalimu alikuwa akiliweka jani bichi la msitu wa Kakamega kando ya jani la jiwe, akimwonyesha kwamba yote mawili yana ncha ndefu ya kuchuruzisha maji ya mvua. Ndiyo kusema kule Koru kwenye miwa na vumbi, mamilioni ya miaka iliyopita, kulikuwa na msitu wa mvua nyingi. Pascalia alimjibu, "Sawa, Mwalimu, lakini sisi tutalala wapi? Hata chini ya kitanda iko mawe."

Maradhi ya figo yalimshika Mei 1995. Pascalia alipokuwa akimuuguza hospitalini, ndugu waligutuka kwamba mwenzao, aliyezoea nyumba za shule, hakuwa na nyumba Malinya. Kwa mila za Waidakho, mwanamume hazikwi hivi hivi bila nyumba yake. Kaka yake Mathew aliijenga mbio mbio, na mawe ya msingi yalipopungua, akamwaga humo magunia yote ya mawe ya Mwalimu, yaliyokuwa yameletwa kutoka Lugari. Mawe hayo yalikuwa yameahidiwa makumbusho ya Nairobi, yawe ushahidi wa msitu ule.

Pascalia alijua, akashindwa kusema. Kila jioni mgonjwa aliuliza, "Mawe yangu inakaa vizuri?" naye akaitikia. Uuguzi ulimchosha, na uongo huo ukamchosha zaidi. Mwishowe alimwambia. Mwalimu akasema, "Mathew asigombezwe. Mnizike kwanza, ndio mvunje hiyo nyumba."

Alifariki tarehe 3 Oktoba 1996. Amemwacha mjane wake Pascalia, binti zao Khalayi na Jacinta, kaka yake Mathew, na wajukuu watano.

Wazee wamekubali shingo upande: matanga yakishaanuliwa, nyumba itavunjwa. Mathew mwenyewe ndiye atakayeshika mtaimbo, na Pascalia atayachambua mawe, yaliyo mazima na yaliyopasuka.

Mwalimu apumzike kwa amani. Pascalia naye apumzike, japo wiki hii tu.