Mashine Iliyogoma Mugango

Wapendwa, asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi ni wa hapahapa Kitaji, wengi mnanionaga kwenye kwaya. Kazi yangu ni kompyuta.

Zahanati moja upande wa Mugango ilikuwa inataka kuanza kuandika wagonjwa kwenye mfumo mpya wa kompyuta, nikaitwa niufunge. Nikachukua mashine, kompyuta inayoendeshwa na programu ya Linux, nikaweka Kubernetes, ile nyepesi ya kukaa kwenye mashine moja. Msishtuke na jina. Ni kama msimamizi: programu ikianguka, yenyewe inaiinua. Niliifunga mjini, ikakubali, nikaipeleka. Watu wakanisifia.

Kisha siku moja umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikawaka, mfumo ukakataa. Nikaitwa tena zahanati. Nikazima, nikawasha. Nikarudia kila amri ninayoijua. Kioo kinajaa makosa tu. Ndugu zangu, nawaambia, kushindwa baada ya kufanya kila unachokijua kunakausha mate.

Mama mmoja akaingia, mtoto anahema kwa shida. Nesi akanigeukia. "Fundi, huyu kuna dawa ilimvimbisha uso. Tuliiandika humo. Ni ipi?"

"Haifunguki, dada."

"Mama, unaikumbuka?"

"Ilikuwa ya maji," mama akasema. "Nyeupe."

Nesi hakutaka kubahatisha, akawatafutia usafiri wa kwenda hospitali Musoma. Mama alipopita aliiangalia kompyuta, akaniangalia mimi.

Nikatoka nje, nikampigia dada mmoja wa Nyasura, kule Bunda, tuliyesoma naye chuo. Nililia kwenye simu, jamani. "Nimeshindwa. Sijui hata pa kushika."

Akaniacha nilie. Kisha akasema, "Nisomee ilichoandika."

Nikarudi ndani, nikamsomea: cheti bado hakijaanza kutumika.

"Sasa iulize leo ni tarehe gani."

Nikaiuliza. Mashine ilikuwa inaishi miaka ya nyuma! Betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, umeme ukikatika saa inapotea. Programu zile zinatambuana kwa vyeti, na kwa mashine hiyo vyeti vilikuwa vya siku ambayo haijafika. Ikavikataa vyote.

Nikarekebisha saa kwa mkono, nikawasha upya. Tukasubiri, nesi amesimama nyuma yangu, simuoni ila namsikia anaomba. Programu moja ikainuka, nyingine ikafuata. Nesi akasoma jina la dawa, akapiga simu hospitali. Mama na mtoto walikuwa wamefika, daktari ndiyo kwanza anaandika dawa. Ilikuwa ileile iliyomvimbisha uso, akaibadilisha.

Mtoto sasa ni mzima, anakimbia. Betri nimebadilisha. Lakini sitawadanganya: umeme ukikatika, bado nampigia nesi aniambie mashine inasoma tarehe gani.

Namshukuru Mungu, namshukuru nesi aliyekataa kubahatisha, na dada yangu wa Nyasura ambaye hakunicheka. Nilikuwaga naona aibu kusema sijui. Aibu yangu ile ilichelewesha simu, na mtoto wa mtu alikuwa anahema. Wapendwa, ukikwama, piga simu mapema.