Historia ya Fidelia Nathanieli Mlowe, Mpiga Piano wa Mjimwema

Wachungaji, viongozi, ndugu, jamaa na marafiki, familia imenituma niisome safari ya dada yetu, nami naomba nisiisome kwa unyonge, maana haikuwa safari ya kinyonge.

Marehemu Fidelia alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Mjimwema, Njombe, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Nathanieli, aliyetangulia, na mama Konsolata, ambaye tunaye hapa mbele. Alisoma shule ya msingi hapa Njombe kuanzia 1976 hadi 1982, na sekondari Iringa hadi 1986, lakini shule yake hasa ilikuwa kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu, alichokipiga asubuhi za baridi ya Juni akiwa amevaa mikononi soksi za baba yake, amezikata ncha ili vidole vitoke.

Mwaka 1988 kanisa lilimpeleka Ujerumani kusomea piano, akahitimu 1994, na tangu hapo alipiga Hamburg, Oslo, Nairobi na Dar es Salaam, tungo za kale za Ulaya kama fuga za Bach na sonata za Schubert, bila karatasi mbele yake, na watu wakasimama kumpigia makofi. Hata hivyo, kila alipokuja likizo, mama Konsolata, mkulima wa viazi, alimuuliza lile lile, "Mwanangu, kazi utaanza lini?" Fidelia alicheka, lakini lilimuuma, na alituambia wazi kwamba mama asipomsikia, ni kama hajawahi kupiga.

Tarehe 5 Julai 1997 alifunga ndoa na Anold Kaduma, mtumishi wa reli, wakaishi Makambako, wakajaliwa watoto wawili, Erica na Denis. Mwaka 2011 shemeji Anold alileta piano kwa treni kutoka Dar es Salaam, ili mkewe apige nyumbani, katika ukumbi wa kanisa, mama akiwepo, na sote tukaonywa kwamba muziki ule husikilizwa kimya mpaka mwisho. Ilipofika sehemu ya polepole ya Schubert, mama Konsolata akainuka kutoka kiti cha mbele, akamwendea, akamfunga kitenge mabegani, akampangusa jasho, kisha akapiga kigelegele kirefu, ukumbi mzima ukaitikia. Mcheza kwao hutunzwa. Fidelia alilia, lakini hakukosea hata noti moja, na kitenge kile alikivaa kila jukwaa baada ya hapo, huku mama akijitapa sokoni kwamba binti yake ana kazi ngumu kuliko jembe.

Februari 2024 aligundulika ana saratani, akatibiwa Dar es Salaam, akaomba arudishwe Makambako, akafariki tarehe 9 Mei 2025, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Makambako na Mjimwema, wanamuziki wenzake, kwaya, na shemeji Anold aliyemuuguza bila kuchoka.

Aliacha agizo moja, kwamba jeneza lake, mnaloliona limefunikwa kitenge kile, likishushwa tusikae kimya kama ukumbini, na kigelegele cha kwanza apige mama.

Pumzika, Fidelia, kazi umeifanya, na mama ameisikia.