Genovaitė na Moto Ambao Hakuuruka

Ndugu wafiwa, majirani wa Juodžeriai, wanakikundi wa mlimani, wafuasi wa imani ya mababu, mliosafiri tangu alfajiri, na ninyi waumini wa parokia mliojibanza upande ule kana kwamba viti vya huku vina miiba, mimi ni Elvyra, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu nina sauti kubwa na kwa sababu mwenyewe aliagiza hivyo, na mnajua maagizo ya dada yangu hayakatiwi rufaa. Mtanivumilia, maana leo ni tarehe 21 Juni, siku ya Rasa, sikukuu yetu ya umande, siku ambayo kila mwaka saa kama hizi dada alikuwa akitukimbiza huku na huko, huyu akachume majani ya mwaloni, yule akaonje bia, na mwili wangu umeshazoea, nimeamka nina furaha ya Rasa tumboni na msiba kifuani, sikujua niiache wapi hiyo furaha, basi nimekuja nayo.

Marehemu Genovaitė Žvirblienė, wa ukoo wa Kairys, alizaliwa tarehe 9 Februari 1952 hapa hapa Juodžeriai, wilaya ya Utena, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Motiejus na mama Uršulė, akabatizwa kwa jina la mtakatifu, na mama akatumaini kwamba jina litamvuta kanisani. Alipokuwa na umri wa miaka saba alimwandalia paka wetu harusi yenye waalikwa, nyimbo na zamu za kuosha vyombo, na mimi niliyekuwa na miaka minne nikapewa zamu yangu, ambayo naosha mpaka leo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1959, akamaliza sekondari mjini Utena mwaka 1970, kisha akaenda Vilnius kusomea uongozi wa kwaya, akahitimu mwezi Juni 1974. Katika masomo hayo walikuwa wakitumwa vijijini kukusanya nyimbo za kale kwa vikongwe, wenzake wakarudi na nyimbo, yeye akarudi na imani, kwa kuwa bibi mmoja alimwambia kwamba zile si nyimbo bali ni sala, za jua, za ardhi na za moto wa jikoni, na tangu siku hiyo dada hakulala kabla ya kuufunika moto kwa majivu na kuutakia usiku mwema, na mimi niliyelala naye chumba kimoja nilidhani masomo yamempanda kichwani.

Tarehe 1 Septemba 1974 aliajiriwa kuendesha nyumba ya utamaduni ya shamba la ushirika, enzi ambazo wakubwa hawakutaka kusikia habari za kanisa, seuze miungu ya mababu, lakini dada alikuwa na akili ya sungura, mwaka 1976 akaomba kibali cha kuandaa Siku ya Wakamaji Maziwa Hodari, akapewa, tena kwa pongezi. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 21 Juni, wakamaji wakapanda mlimani wamevaa mashada ya mwaloni, wakapita chini ya lango la maua, wakaliimbia jua likizama, na katikati ukawashwa moto wa kimo cha nyumba. Mwenyekiti wa shamba akauliza moto wote huo wa nini, dada akamjibu, "Wa mbu, mwenyekiti," naye akautazama sana, akajipiga kofi la shingo, akasema ni kweli mwaka huu wamezidi. Hiyo ndiyo ilikuwa Rasa yetu ya kwanza, na hakuna mwaka tulioikosa tangu hapo.

Tarehe 17 Juni 1978, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Vladas Žvirblis, fundi wa kujenga majiko ya matofali, mbeba bendera wa parokia, mtu ambaye maneno yake hupimwa kwa kijiko. Walikubaliana kwamba bibi harusi ataingia kanisani, kwa siri ya wakati ule, na bwana harusi atapanda mlimani siku nne baadaye kuuruka moto pamoja naye, na wageni mliopo leo mjue kwamba kwetu wanandoa huuruka moto wa Rasa wakiwa wameshikana mikono, mikono isipoachana nyumba husimama, ikiachana watu huwatazama kwa jicho la pembeni mpaka Rasa nyingine, na mwenye mwenzi haruki peke yake hata siku moja, maana ni kujitangazia ujane.

Dada aliingia kanisani, akapiga magoti, akaitikia kila lililoitikiwa. Shemeji alipanda mlimani, akashikwa mkono, akafika mbele ya moto, akasimama kama nguzo, akasema, "Genovaitė, nimeapa mara moja mbele ya Mungu, mpaka kifo kitutenganishe, na nikiapa tena itaonekana kiapo cha kwanza hakikushika." Mbele ya kijiji kizima! Dada aliona haya, akaona hasira, akaona na mapenzi humo humo, nami nilimshauri amwache, akaniambia nikaoshe vyombo.

Basi ikawa hivyo miaka yote, shemeji akizipanga kuni za moto, maana hakuna mtu wilaya hii anayejua moto kuliko yeye, kisha akirudi nyuma kushika makoti ya wanaoruka, na mke wake, aliyewapanga wawili wawili, aliyewahesabia, aliyewakagua mikono wakitua, akibaki amesimama upande huu wa moto na upawa wake wa bia. Aliwarusha mabibi harusi na wajukuu zao, na yeye hakuruka. Watu walidhani amezoea. Mimi niliyekuwa nikimsuka nywele kila Rasa nawaambia hakuzoea, kila mwaka aliniuliza kama nimemwona Vladas amevaa viatu gani, vya kurukia au vile vya siku zote.

Walijaliwa watoto wawili, Audra aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1980 na Tautvydas aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1983, wote wameuruka moto na wenzi wao, Audra mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mama yake alisema ameona vidole vikilegea.

Nchi ilipokuwa huru dada aliyatoa mambo hadharani, akawa mwandalizi wa sikukuu zote za kikundi chetu, ya majani mapya, ya umande, ya kuwalisha marehemu wakati wa vuli, na ya kuburuta gogo nyumba hadi nyumba katikati ya baridi ili mabaya ya mwaka yakaungue nalo. Alikosea mara moja tu, nalo nalisema kwa kuwa mwenyewe alipenda kulisimulia. Mwaka 1993 Rasa iliangukia Jumatatu, watu wa Vilnius wakalalamika kwamba wana kazi, dada akaihamishia Jumamosi ya tarehe 26, na siku hiyo mbingu zilifunguka, kuni zikalowa, jibini ikaelea, bia ikaongezewa maji na Mungu mwenyewe, na shangazi yetu Barbora akavua shada lililolowa, akalikamua, akasema, "Jua halijui Jumamosi." Dada hakuhamisha tena sikukuu, hata kwa mvua, hata kwa harusi, hata mwaka ule niliovunjika mguu nikamwomba siku mbili tu.

Mwezi Septemba 2021 alianza kusumbuliwa na mgongo, mwezi Novemba madaktari wakagundua saratani ya mifupa, na ilipofika Aprili 2022 miguu ilikuwa imekataa. Rasa ya mwaka huo aliiendesha kutoka kiti cha magurudumu, akiamrisha kwa upawa, na wote walipokwisha kuruka, moto umeshuka umebaki makaa, shemeji aliyatua makoti yote mapajani mwangu, akaenda kwenye kiti, akampandisha mke wake mgongoni kama gunia la viazi, akasema, "Mimi siruki. Nampeleka mke wangu upande wa pili, na kama moto umekaa njiani, hilo ni shauri la moto."

Akavuka! Jamani, mlima ulilipuka, mpiga kodiani aliangusha kodiani, mimi nilirusha makoti ya watu hewani na mengine hayajaonekana mpaka leo. Dada akawekwa kwenye nyasi, akafuta machozi, akapumua, akasema, "Mikono haikushikana. Haihesabiki." Tulicheka mpaka tukashika mbavu, lakini yeye hakuwa anatania, alikuwa amewakatalia wengi kwa kosa hilo hilo, hakuweza kujipendelea, na shemeji akasema "Sawa," akaenda kuokota makoti.

Marehemu alifariki nyumbani kwake, Jumapili tarehe 18 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, siku moja baada ya ndoa yao kutimiza miaka arobaini na mitano, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Inauma, na sitajifanya haiumi. Jumatatu tulikaa jikoni, kikundi kikashauri tuahirishe Rasa mpaka Jumamosi ili tuzike kwanza kwa utulivu, hata mimi nikaunga mkono, na aliyekataa ni shemeji, mbeba bendera wa parokia, aliyekoroga chai yake mpaka ikapoa ndipo akasema jua halijui Jumamosi. Kisha akasema mengine, maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake tangu harusi, "Niliapa mpaka kifo kitutenganishe. Kifo kimekuja, kiapo kile nimekitimiza chote. Sasa niko huru kuapa tena, na nataka kuapa na yeye yule yule."

Padri wetu, ambaye jana alikuja kusali nyumbani, alipoulizwa kama mtu anaweza kuapa na marehemu alisema swali hilo hakulisomea, akaomba aongezewe chai.

Kwa hiyo, ndugu zangu, sikilizeni vizuri. Kutoka hapa kwenda makaburini hatupiti barabarani, tunapita mlimani, jeneza litabaki wazi mpaka tuvuke kilele, na juu pale moto umekatiza njia, shemeji ameupanga mwenyewe asubuhi, mdogo, wa kutosha kuchemsha birika. Wabebaji ni sita, Tautvydas na mkwe wetu wakiwa mbele, wote wameruka Rasa za dada na wake zao, na jana walifanya mazoezi na jeneza lililojaa viazi, suruali moja tu ndiyo iliyoungua. Shemeji atakuwa ubavuni, ana miaka sabini na minne na goti bovu, amevaa viatu ambavyo mimi sijawahi kuviona, na mkono wake utakuwa umeshika mkono wa mke wake. Kazi yenu ninyi wote, wa viti vya huku na wa viti vya huko, ni kutazama mikono. Baada ya maziko tunarudi mlimani kula, na kitakachoanguka kutoka mezani msikiokote, ni chakula cha marehemu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya waliomtuliza maumivu na kumvumilia alipowapangia zamu, majirani waliotukamulia ng'ombe wiki nzima, wafanyakazi wenzake wa nyumba ya utamaduni walioimba naye mpaka usiku wa mwisho, mafundi wenzake shemeji waliochimba kaburi, na parokia iliyotuazima viti hivi ambavyo havina miiba upande wowote.

Dada yangu, nywele zako nimezisuka mwenyewe leo asubuhi, na viatu nimevitazama, ni vya kurukia. Utapumzika kwa amani, Genovaitė, ila kwanza ruka.